Nguzo Zilizosimama Kichwa Chini

Kaeni, wajukuu zangu, lakini si juu ya matofali mabichi. Kaeni pale kwenye mkeka, na yule aliyetoka kukanyaga udongo asiniletee miguu hiyo karibu. Haya.

Mnanijua mimi ni fundi mwashi. Tangu sijaota ndevu nimeshika mwiko, na hapa Mpitimbi sijui ni nyumba ngapi zina ukuta uliopita mikononi mwangu. Kwa hiyo nikienda ugeni sitazami kama watu wengine. Wao hutazama juu, wanasema "lo, jengo zuri!", wanapiga picha. Mimi naanza chini. Naangalia msingi, naangalia kona kama zimefuata timazi, napapasa lipu kwa kidole. Shangazi yenu anayefundisha Unguja aliponialika kwake, alidhani nitataka kuona bahari. Bahari niliiona siku ya kwanza, ikanitapisha kwenye boti, tukamalizana. Nilichokaa siku nne nikikitazama ni majengo, hasa yale ya enzi za Malkia Victoria.

Wewe, mke wangu, acha kucheka. Jina Victoria unalijua kwa sababu ya ziwa, sivyo? Wenyeji wa kule walikuwa wakiliita Nyanza, kisha mwaka 1858 Mzungu mmoja, Speke, akalifikia akalipa jina la malkia wake. Basi huyo malkia alishika kiti cha Uingereza mwaka 1837 akiwa na miaka 18. Pimeni mwaka huo kwa historia yetu: miaka miwili tu kabla yake, mwaka 1835, Zwangendaba na watu wake walikuwa wamevuka mto Zambezi wakipanda kaskazini. Kwa hiyo binti yule anavishwa taji, mababu wa Wangoni wengi wa Songea bado wako njiani, hawajaiona hata Ruvuma. Alipokufa, Januari 1901, tulikuwa tumekwisha kufika, tumetawala, na Wajerumani wamekwisha kutujengea boma pale Songea. Miaka 63 mtu mmoja anakalia kiti! Ndiyo maana Waingereza wakiona jengo la miaka hiyo hulitaja kwa jina lake.

Mkitaka kulitambua jengo la aina hiyo, tafuteni chuma. Wakati ule viwanda vya Uingereza vilikuwa vinamwaga chuma kama sisi tunavyomwaga mahindi baada ya mavuno, na meli za mvuke zikawa zinakipeleka kokote. Chuma cha kumiminwa kwenye umbo, kikatoka kama nguzo, kama ngazi, kama ua la maua yasiyonyauka. Ongezeni minara ya saa, maana watu wa viwanda waliishi kwa saa. Na makanisa yao yalirudia mitindo ya kale, madirisha yenye tao lililochongoka juu na vioo vya rangi.

Huku kwetu jengo kama hilo hamtalipata. Wazee wetu walijenga kwa miti, udongo na nyasi, nyumba inayokubali kurudi ardhini. Wamisionari Wabenediktini walifika Peramiho mwaka 1898, Victoria bado yu hai, lakini walichojenga kiliteketezwa kwenye vita ya Majimaji mwaka 1905. Kanisa kubwa mnaloliona sasa Peramiho ni la miaka ya 1940. Kwa hiyo ilibidi nisafiri. Safari yenyewe siisimulii, ni basi tu kutwa nzima, na pale Makambako nikaingia hoteli ya mtani wangu Mbena akanipa finyango mbili badala ya nne. Nimemsamehe. Babu zake tuliwasumbua sana.

Siku ya pili shangazi yenu akanipeleka Forodhani, mbele ya Beit al Ajaib. Maana yake ni Jumba la Maajabu. Sultani Barghash alilijenga mwaka 1883, ghorofa juu ya ghorofa, baraza pana pande zote, na baraza hizo zimebebwa na nini? Nguzo za chuma cha kumimina, nyembamba, ndefu, maelfu ya maili kutoka kiwanda kilichozizaa. Baadaye likatiwa umeme na lifti. Hebu mfikirieni mtu wa wakati ule aliyetoka bara na pembe ya ndovu begani, anaona nyumba inawaka bila moto na chumba kinachopanda juu na watu ndani! Ajabu gani tena alikuwa anaitaka?

Mwaka 1896, tarehe 27 Agosti, manowari za Waingereza zililipiga eneo la kasri la sultani kwa mizinga. Vita ile haikufika hata saa moja. Dakika 38, wengi husema hivyo. Ugali wako ungekuwa bado haujaiva. Mnara uliokuwa mbele ya jumba uliharibika, na mwaka uliofuata ukajengwa mnara mpya wa saa uliounganishwa na jumba lenyewe. Jumba likasimama, likazeeka. Halafu siku ya Krismasi mwaka 2020, wakati linafanyiwa ukarabati, sehemu yake ikaporomoka na watu wawili wakafa.

Mimi nilipofika nililikuta limezungushiwa uzio. Nilivua kofia. Sikuona kilichotokea na siwezi kumnyooshea mtu kidole, lakini nawaambieni neno la fundi: nyumba ya pwani ina maadui wawili ambao sisi wa Mpitimbi hatuwajui vizuri. Chumvi ya bahari hula chuma usiku na mchana. Na jiwe la matumbawe lililoungwa kwa chokaa hunywa maji. Paa likivuja, maji hushuka ndani ya ukuta kimyakimya hadi kwenye ncha za boriti, na boriti huoza pale pale zinapoingia ukutani, mahali jicho halifiki. Nje unaona chokaa nyeupe, unasema mzee bado ana nguvu. Huku kwetu adui ni mchwa, na mchwa angalau anaacha njia yake ya udongo ukaiona.

Hatua chache kutoka pale, ukifuata ufukwe kuelekea bandarini, kuna jengo ambalo Malkia mwenyewe ndiye sababu yake. Mwaka 1887 Victoria alitimiza miaka 50 ya utawala, na mfanyabiashara tajiri wa Kihindi, Tharia Topan, akaanza kujenga hospitali ya kuadhimisha jubilei hiyo. Alifariki mwaka 1891 kabla haijakwisha, na ikamalizika 1894. Mkiiona mtadhani ni keki ya harusi: roshani za mbao zilizochongwa kama lesi, vioo vya rangi, nakshi kila mahali. Ni sherehe ya malkia wa Uingereza, fedha ya Mhindi, ustadi wa mafundi wa Kihindi, na kuta za matumbawe ya Unguja. Sasa niambieni, hilo ni jengo la nani? Nilimuuliza shangazi yenu, akasema, "Baba, twende tukale."

Mji huo wote, Mji Mkongwe, umo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, kwa hiyo watalii ni wengi kuliko paka, na paka ni wengi. Lakini kule nilikotaka kuwafikisha ninyi ni Mkunazini.

Mkunazini palikuwa na soko, na kilichouzwa kilikuwa watu. Soko hilo lilifungwa mwaka 1873, na Krismasi ya mwaka huohuo Wamisionari Waanglikana wakaweka pale jiwe la msingi la kanisa. Aliyesimamia ujenzi alikuwa Edward Steere, ambaye baadaye alikuwa askofu. Mtu huyu mimi kama msimulizi nina deni kwake, maana kabla hata ya kanisa, mwaka 1870, alikuwa amechapisha kitabu cha hadithi za Kiswahili alizosimuliwa na watu wa Unguja. Alikaa chini akasikiliza. Si kila mtu mkubwa anajua kukaa chini.

Nje ya kanisa, kwenye shimo, kuna sanamu za watu watano wamefungwa minyororo shingoni. Ziliwekwa mwaka 1998. Nilisimama pale nikiwatazama nyuso, na nikajikuta natafuta sura ninayoifahamu. Msishangae. Njia kubwa ya watumwa ilitoka ng'ambo ya Ziwa Nyasa ikakata kusini hii yetu hadi Kilwa, na kutoka Kilwa majahazi yakaja Unguja. Mwaka 1866 yule msafiri Mzungu, Livingstone, alipanda kuufuata mto Ruvuma, mto huuhuu unaozaliwa pale milima ya Matogoro, akakuta njiani mwanamke amekufa akiwa amefungwa kwenye mti, kwa sababu alikuwa amechoka na hakuweza tena kutembea na wenzake. Nawaambia hili ninyi wakubwa. Huyo mdogo mzibeni masikio.

Na kuna jambo wazee wengi hawapendi kulisema, ila mimi nimezeeka vya kutosha. Wangoni tulikuwa na mikuki. Tuliteka watu. Wengi walibaki wakawa sisi, ndiyo maana majina ya koo zetu yanatoka kila upande. Lakini si wote waliobaki. Wafanyabiashara wa pwani walifika mpaka kwetu, na walikuja kununua.

Ndani ya kanisa, mbele ya madhabahu, kuna duara sakafuni la marumaru. Wanasema ndipo ulipokuwa mti wa kuwafungia watumwa na kuwachapa. Pembeni pana msalaba wa mbao, na mbao yake ilitoka kwenye mti wa kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo, ambapo chini yake ulizikwa moyo wa Livingstone mwaka 1873. Mwili wake wasaidizi wake waliubeba kwa miguu miezi mingi hadi Bagamoyo. Mmoja wa waliouongoza msafara huo aliitwa Chuma, Myao, mtoto wa upande wa Nyasa aliyekombolewa utumwani mwaka 1861. Baadaye alimwongoza na huyu Steere kuja huku kusini. Mwaka 1876 Steere alitoka pwani na watu waliokombolewa, akikusudia kuwarudisha upande wa Nyasa. Walipofika Masasi wengi wakasema hapa panatosha, wakajenga. Ndiyo, Masasi hiyohiyo ya korosho.

Sasa nguzo. Nilikuwa nimezitafuta tangu mlangoni, maana nilikuwa nimesikia habari zake. Nguzo ya mtindo ule ina miguu na ina kichwa. Mguu ni mpana na wa kawaida, kichwa kimechongwa mapambo kupokea tao. Sasa upande wa nyuma wa kanisa kuna nguzo ambazo kichwa kiko chini na mguu uko juu! Mwongozaji anawaambia wageni kwamba askofu alikuwa safarini, mafundi wa Kiunguja wakazisimamisha kinyume, naye aliporudi akaziacha. Wageni wanacheka. Na mimi nilicheka, kisha kicheko kikakwama.

Tazameni juu. Paa la kanisa lile ni tao refu la zege lililochanganywa matumbawe, halina boriti hata moja katikati. Walikuwapo waliosema litaanguka. Mpaka leo liko. Mafundi wenye mikono ya kuinua tao kama lile hawakosi kujua juu na chini. Ila nguzo kama zile hawakuwahi kuziona. Nguzo walizozijua, za misikitini na kwenye nyumba za matajiri, zilikuwa nene, za pembe nne, chini na juu sawasawa. Unampa mtu kitu cha nchi nyingine, unaondoka na mchoro kichwani mwako, unarudi unamcheka. Mimi mwenyewe niliwahi kufunga dirisha la alumini, likafunguka kwa ndani, na aliyelinunua akanilaumu mimi.

Ukutani nilisoma majina ya Wazungu, ya askofu, ya mabaharia. La fundi sikuliona. Steere amezikwa nyuma ya madhabahu. Alifariki mwaka 1882, mwaka ule ule aliofariki Chuma. Lakini ukizigusa nguzo zile, unaigusa mikono ya watu walioinua kanisa zima. Niliziwekea kiganja. Zilikuwa baridi, na zimebeba vizuri, hazina hata ufa.

"Babu," — nani huyo? Sema kwa sauti, mume mwenzangu.

"Babu, labda walifanya kusudi."

Kusudi! Walioona soko lile kwa macho yao, wakaambiwa wajenge juu yake, askofu hayupo, nguzo imelala pale chini, mmoja anamkonyeza mwenzake...

Hm. Hilo hata mwongozaji hakulisema.

Haya, jua linashuka. Matofali ya juzi yamekauka upande mmoja tu. Nendeni mkayageuze, na mnijulishe yapi mmeyageuza kwa kusudi.