Magunga na Hesabu ya Watu 320,000

Magunga ni kituo cha biashara katika Suba Kusini, Kaunti ya Homa Bay, upande wa vilima vya Gwassi, si mbali na Ziwa Viktoria. Mwaka 2013 jina lake liliingia katika orodha ya jamii 32 za mashambani zilizoteuliwa kwa utafiti wa SEARCH, mmoja wa tafiti kubwa za afya ya jamii kuwahi kufanywa Afrika Mashariki. Jamii 12 zilikuwa Kenya, katika ukanda wa ziwa unaopitia Homa Bay na Migori. Pamoja na Magunga zilikuwamo Ogongo, Nyatoto, Kitare, Othoro, Bware, Sibuoche, na Sena iliyo kisiwani Mfangano. Nyingine 20 zilikuwa Uganda, nusu mashariki na nusu magharibi. Kila jamii ilikuwa na watu wapatao 10,000, na wote kwa jumla walikaribia 320,000. Kazi iliendeshwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere, taasisi ya KEMRI ya Kenya na vyuo vikuu vya California vya San Francisco na Berkeley. Miongoni mwa viongozi wake walikuwa Moses Kamya wa Makerere, Elizabeth Bukusi wa KEMRI, Diane Havlir na Maya Petersen.

Ukanda huo haukuchaguliwa kwa kubahatisha. Makadirio ya serikali yaliyotolewa mwaka 2014 yaliweka maambukizi ya VVU katika Homa Bay kwenye asilimia 25.7 ya watu wazima, na Migori asilimia 14.7, wakati wastani wa nchi nzima ulikuwa asilimia 6. Sababu zake zilijulikana. Wavuvi huhama kutoka ufuo mmoja hadi mwingine wakifuata samaki. Wanawake wanaochuuza omena na samaki wengine walikuwa wakiingia katika mapatano ya jaboya, ambapo mvuvi humuuzia samaki mwanamke aliye na uhusiano naye wa kimapenzi. Tena tohara haikuwa desturi ya Waluo, walio wengi katika ukanda huo, na majaribio yaliyofanywa Kisumu na kuchapishwa mwaka 2007 yalikuwa yamekwisha kuonyesha kwamba tohara hupunguza hatari ya mwanamume kuambukizwa kwa zaidi ya nusu.

Wazo lililosukuma SEARCH lilitokana na ugunduzi mwingine. Mwaka 2011 utafiti wa kimataifa uliohusisha jozi 1,763 za wapenzi, mmoja ana VVU na mwenzake hana, ulionyesha kwamba kumwanzishia mgonjwa dawa mapema kulipunguza kwa asilimia 96 uwezekano wa kumwambukiza mwenzake. Dawa za ARV huzuia virusi visizaliane. Idadi ya virusi katika damu ya mtu ikishuka hadi vipimo visivione, mtu huyo hamwambukizi mwenzake kwa njia ya ngono. Swali likawa: je, jambo lililofaulu kwa wapenzi wawili litafaulu kwa kijiji kizima? Kwa maneno mengine, kila mwenye VVU akijulikana na kutibiwa, maambukizi mapya yatakauka?

Ili kujibu swali hilo, kwanza ilibidi watu wahesabiwe. Makarani walipita boma kwa boma wakiandika wakazi, wakichukua alama za vidole na kuweka mahali pa kila nyumba kwenye ramani ya kompyuta. Kisha zikaja kambi za afya za wiki mbili katika kila jamii, mahema yakiwa mahali pa wazi panapofikika na wengi. Hapo ndipo ubunifu wa utafiti huu ulipo. Watu hawakuitiwa VVU peke yake. Walipimwa presha, kisukari na malaria kwenye foleni hiyo hiyo, basi hakuna jirani aliyeweza kujua ni nini hasa kilichomleta mwenzake. Rejista ya alama za vidole ilionyesha nani hakufika, na wahudumu wakamfuata nyumbani. Kwa njia hiyo asilimia 89 ya watu wazima wenye makazi ya kudumu walipimwa VVU katika awamu ya kwanza. Kiwango hicho ni cha juu sana kwa mashambani, hasa ikikumbukwa jinsi wanaume wanavyokwepa zahanati.

Jamii ziligawanywa kwa kura. Kwa nusu yake, kambi zilirudi kila mwaka, na kila aliyekutwa na VVU alipewa dawa mara moja, hata siku hiyo hiyo, bila kungojea kinga ya mwili idhoofike. Zahanati ziliweka saa nafuu, dawa zikatolewa za miezi mitatu kwa mara moja, na mgonjwa akapewa nambari ya simu ya kumpata mhudumu. Nusu nyingine, yaani kundi la kulinganishia, ilipimwa kwa ukamilifu ule ule mwanzoni, kisha ikaendelea na huduma za kawaida za serikali.

Matokeo yalichapishwa Julai 2019, na hayakuwa yale yaliyotarajiwa. Mwanzoni, asilimia 42 tu ya wenye VVU ndio waliokuwa na virusi vilivyodhibitiwa. Baada ya miaka mitatu kiwango hicho kilifika asilimia 79 katika jamii zilizopewa huduma mpya, na asilimia 68 katika zile za kulinganishia. Lengo la Umoja wa Mataifa wakati huo lilikuwa asilimia 73. Katika jamii za huduma mpya maambukizi yalishuka kwa asilimia 32, kutoka 0.43 hadi 0.31 kwa kila watu 100 kwa mwaka. Lakini makundi mawili yalipolinganishwa ana kwa ana, tofauti ya maambukizi ya miaka mitatu ilikuwa ndogo mno: asilimia 0.77 upande mmoja na 0.81 upande wa pili. Kwa kipimo cha takwimu, hiyo si tofauti.

Wapo waliosoma hapo wakasema utafiti umeshindwa. Usomaji huo ni wa haraka. Kundi la kulinganishia halikukaa kimya likisubiri: lilikuwa limepimwa karibu lote mwanzoni, na mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilielekeza kila mwenye VVU aanzishiwe dawa, mwongozo ambao Kenya iliufuata mwaka 2016. Huduma ya kawaida ikasogea karibu na ile ya majaribio kabla majaribio hayajaisha. Kwa mwenyeji wa Magunga au Othoro hiyo ni heri, ingawa inampa mtakwimu kazi ngumu.

Tofauti iliyoonekana wazi ilikuwa kwenye uhai wenyewe. Miongoni mwa wenye VVU, vifo vilikuwa pungufu kwa asilimia 23 katika jamii za huduma mpya. Watu wazima wenye presha ambao presha yao ilidhibitiwa walikuwa asilimia 47, dhidi ya 37 kwingine. Uchambuzi wa baadaye uliwaangalia wale waliokuwa na presha isiyodhibitiwa mwanzoni mwa utafiti, wenye VVU na wasio nayo, na kukuta vifo vyao vimepungua kwa karibu moja ya tano. Habari hii haikuvuma kama ile ya VVU, na ingestahili kuvuma. Dawa za ARV zimewafikisha watu wengi uzeeni, na huko wanakutana na kiharusi, moyo na figo. Anayekunywa dawa zake vizuri kwa miaka 20 kisha akafa kwa presha ambayo hakuna aliyeipima, amefikwa na kifo ambacho kingeweza kuzuilika kwa vidonge vya bei nafuu. Kambi za SEARCH zilionyesha kwamba mfumo uliojengwa kwa ajili ya VVU unaweza kubeba maradhi haya mengine bila kujengwa upya.

Hata hivyo maambukizi mapya yaliendelea, na hapa kompyuta ikaingia kazini. Kuanzia mwaka 2016 utafiti ulianza kutoa PrEP, yaani kidonge cha kila siku kinachomkinga asiye na VVU. Kidonge hakiwezi kugawiwa kila mtu, kwa hiyo ilibidi kuuliza nani yuko hatarini zaidi. Njia ya zamani ni kutaja makundi: mwenye mwenzi aliye na VVU, mvuvi, mfanyakazi wa baa. Kasoro yake ni kwamba wengi wanaoambukizwa hawamo katika kundi lolote kati ya hayo, na wengi waliomo hawaambukizwi.

Watafiti wa Berkeley walikuwa na chombo kiitwacho Super Learner, kilichobuniwa na Mark van der Laan na wenzake mwaka 2007. Ni programu inayoendesha mbinu nyingi za kubashiri kwa wakati mmoja. Sehemu ya takwimu hufichwa, kila mbinu hubashiri kilichofichwa, kisha ubashiri hulinganishwa na ukweli. Hufanana na baraza la wazee ambamo kila mmoja husema neno lake, lakini neno la yule aliyepatia mara nyingi ndilo hupewa uzito mkubwa. Kilicholishwa ndani yake ni habari za kawaida zilizokusanywa na makarani, kama vile umri, jinsia, ndoa, elimu na kazi.

Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2020 ulihusu watu 75,558 katika jamii 16, ambao 519 kati yao waliambukizwa katika miaka ya ufuatiliaji. Ili kuwanasa nusu ya walioambukizwa, njia ya kutaja makundi ililazimika kuwalenga asilimia 42 ya watu wote. Hesabu za kawaida za takwimu zililenga asilimia 27. Mashine ilihitaji asilimia 18 tu. Na pale ambapo kila njia iliruhusiwa kulenga hadi asilimia 45 ya watu, makundi yaliwanasa asilimia 58 ya walioambukizwa, takwimu za kawaida 68, mashine 78. Kwa mhudumu mwenye bodaboda moja na eneo lote la Gwassi la kuzunguka, tofauti ya 42 na 18 ni tofauti ya kazi inayowezekana na isiyowezekana.

Mipaka yake nayo ni lazima itajwe. Hata ikilenga karibu nusu ya jamii, mashine iliwakosa watu 22 katika kila 100 walioambukizwa. Haijui kilichotokea ufuoni jana usiku; inajua tu kwamba watu wa umri fulani na kazi fulani huambukizwa zaidi. Tena orodha ya walio hatarini, ikivuja kijijini, inaweza kuvunja ndoa. Kwa kuwa mashine huwakosa wengine, utafiti uliacha mlango wazi kwa yeyote anayejiona yuko hatarini aombe PrEP, mashine iwe imemtaja au haikumtaja. Hilo lilikuwa jambo la busara. Walioanza PrEP waliambukizwa kwa kiwango cha chini kwa asilimia 74 kuliko watu wa aina yao wa mwaka uliotangulia, kabla PrEP haijaanza kutolewa.

Tatizo lililobaki ni kidonge chenyewe. Kukimeza kila siku ukiwa mzima ni kazi, na kopo la vidonge chini ya godoro huzua maswali. Wengi waliacha. Majaribio mapya ya SEARCH katika Kenya na Uganda yaliwapa watu uchaguzi: kidonge cha kila siku, dawa ya dharura baada ya kukutana na hatari, au sindano ya kabotegravia inayochomwa kila baada ya miezi miwili, nao waliruhusiwa kubadili wapendavyo. Walioshiriki walikuwa watu 984. Waliopewa uchaguzi walikuwa na kinga kwa asilimia 69.7 ya muda wa ufuatiliaji, wenzao waliobaki na huduma ya kawaida asilimia 13.3. Katika huduma ya kawaida waliambukizwa watu 7, na katika kundi la uchaguzi hakuambukizwa hata mmoja.

Baada ya hapo ikaja lenakapavia, sindano ya mara mbili kwa mwaka inayoshambulia ganda la kirusi. Katika majaribio ya Afrika Kusini na Uganda yaliyotangazwa mwaka 2024, wanawake 2,134 walichomwa dawa hiyo na hakuna aliyeambukizwa. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza Julai 2025, na Septemba mwaka huo ikatangazwa kwamba viwanda vya India vitaitengeneza kwa dola 40 kwa mtu kwa mwaka kuanzia 2027. Kwa mvuvi anayeondoka ufuo wa Nyandiwa leo na wiki ijayo yuko ufuo mwingine, sindano mbili kwa mwaka ndiyo kinga ya kwanza inayolingana na maisha yake.

Sayansi hii yote imeegemea fedha za nje, na udhaifu huo ulionekana Januari 2025 serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake. Ruhusa iliyotolewa wiki chache baadaye ilirudisha matibabu, lakini PrEP iliyolipiwa na fedha hizo ikabanwa kwa wajawazito na wanaonyonyesha tu. Wavuvi na wachuuzi wengi wa samaki hawakuwamo. Kaunti zikitaka kuendeleza kilichojengwa, cha kulipia kwanza ni makarani, wahudumu wa afya ya jamii na rejista, kwa sababu bila hesabu ya watu mashine haina cha kubashiri na sindano haina wa kuchomwa.

Lipo moja lisilongoja mfadhili. Mkazi wa Homa Bay au Migori aliyetimiza miaka 40 na hajawahi kupimwa presha afike zahanati iliyo karibu aombe kupimwa, na akiwa huko huko aulize pia hali yake ya VVU.