Chumba chenye fanicha: mwenye nyumba aweke nini, na friji ikifa nani alipe?

Mwalimu au muuguzi anayehamishiwa wilaya mpya hushuka stendi na mabegi yake, pengine na mtoto mgongoni, na jambo la kwanza analotafuta ni chumba. Zamani alijua kabisa kwamba chumba ni kuta nne na bati, vingine atajitafutia. Siku hizi hata katika miji ya wilayani kama Ifakara, Masasi au Makambako dalali anakuuliza: unataka kitupu au chenye fanicha? Chenye fanicha kodi yake iko juu, na mara nyingi unaambiwa ulipe miezi mitatu au sita kwa mkupuo. Ukishalipa ndipo unagundua kwamba jiko lina pleti moja inayowaka, na friji ni kabati la kuwekea nguo.

Je, kuna vyombo ambavyo mwenye nyumba analazimika kuweka? Wengi hudhani serikali ina orodha. Haipo. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inamtaka anayepangisha nyumba ya kuishi ahakikishe kwamba inafaa kukaliwa na binadamu siku mpangaji anapoingia na kwa muda wote atakaokuwamo. Akipangisha sehemu tu ya jengo, anatakiwa pia kutunza paa, kuta kuu na mifereji mikuu. Friji haitajwi, jiko halitajwi, wala kitanda. Kwa hiyo neno "fanicha" lina maana ile tu mliyokubaliana ninyi wawili. Dalali akisema "kina kila kitu", muulize kila kitu ni kipi, halafu kiandikwe.

Na wewe uliyeuza mpunga au korosho ukajenga vyumba vitatu kando ya barabara, usikimbilie kujaza vyombo ili upandishe kodi. Kila chombo unachokitaja umekiahidi, na mpangaji anakilipia kila mwezi, kiwe kizima au kimekufa. Kitanda, godoro, meza, kiti, kabati, mapazia na taa vinatosha kukiita chumba chenye fanicha. Televisheni si lazima. Mpangaji mwenye simu anaweza kukaa mwaka mzima asiiwashe, na ukiiweka utaulizwa kila mwezi nani analipia king'amuzi.

Jiko ni jambo jingine. Mtu aliyefika na begi hawezi kupika kwenye begi, kwa hiyo jiko la gesi la plate mbili ndilo chombo cha kwanza ningekiweka. Lakini mwenye nyumba asiishie kwenye jiko. Aweke kichwa cha mtungi kinachofunga sawasawa na mpira usio na nyufa, maana hivyo viwili ndivyo vinavyovujisha. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja hukaa chini sakafuni na kusubiri kiberiti. Paka povu la sabuni kwenye maungio kisha fungua mtungi: ukiona mapovu yanavimba, funga, usiwashe chochote. Mtungi nao uandikwe ni wa nani. Kujaza gesi ni juu ya mpangaji, lakini mtungi mtupu nao una bei yake, na ugomvi wa siku ya kuhama mara nyingi huanzia hapo.

Sasa friji. Niliwahi kupanga chumba chenye friji iliyokuwa ikinguruma usiku kucha kama mashine ya kusaga, na maziwa yanachacha humo humo. Nilipomwambia mwenye nyumba, alijibu kwamba yeye alinipa ikiwa inawaka. Alisema kweli, taa ya ndani iliwaka. Tangu siku ile, nikienda kuangalia chumba, naomba friji iwashwe na kikombe cha maji kiwekwe ndani, nizunguke mtaani, nirudi baada ya saa kadhaa nikiguse. Angalia pia mpira wa mlango. Banisha noti kwenye mlango uufunge. Noti ikitoka kwa urahisi, baridi inatoka nayo na umeme wako unatoka nayo. Kwa mwenye nyumba, katika maeneo ambako umeme hukatika na kurudi kwa kishindo, friji bila kile kifaa cha kuilinda ambacho madukani huitwa friji gadi ni hasara inayosubiri siku yake.

Vingine vinategemea hali ya hewa. Ifakara bila feni hulali. Njombe mwezi wa Juni feni ni pambo, mpangaji anataka maji ya moto. Hapo pigeni hesabu za LUKU kwanza. Uniti moja ni wati 1,000 kwa saa moja. Feni ya wati 60 itazunguka zaidi ya saa 16 kabla haijamaliza uniti. Birika la umeme la wati 2,000 linaimaliza kwa nusu saa. Hita ya bomba la kuogea ya wati 5,500 inaimaliza kwa dakika kama 11. Ile hita ya kuchovya kwenye ndoo, mwenye nyumba asiiweke kabisa, hasa penye watoto.

Hesabu hii ina uzito kuliko inavyoonekana. TANESCO ina kundi la wateja wadogo wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, na bei yao ya uniti ni karibu theluthi moja ya ile ya wateja wa kawaida. Friji ndogo nzima inaweza kula kama uniti moja kwa siku, yaani 30 kwa mwezi. Ukiongeza hita na pasi, 75 zimeisha. Na kama vyumba vitatu vinatumia mita moja, mwenye taa mbili na redio atamchangia jirani mwenye friji. Mwenye nyumba anayeweka vyombo vikubwa aweke na mita ndogo kwa kila chumba, au akubali kuwa msuluhishi kila mwisho wa mwezi. Kumbuka pia kwamba tangu mwaka 2021 kodi ya jengo hukatwa kwenye LUKU. Hiyo ni kodi ya mwenye nyumba, kwa hiyo mpangaji anayenunua umeme ana haki ya kuuliza kama itapunguzwa kwenye pango.

Vyombo vyote hivi vinategemea nyaya. Soketi ya kawaida inabeba hadi ampea 13, karibu wati 3,000. Birika na pasi kwenye kamba moja ya kuunganishia vinazidi hapo. Soketi ikiwa nyeusi pembeni au ukigusa friji ukapigwa shoti, usikubali kuambiwa ni kawaida. Fundi wa umeme aitwe, na gharama ni ya mwenye nyumba.

Linabaki swali la nani atengeneze. Utaratibu ninaouona wa haki ni huu: chombo kikifa kwa uchakavu wa kawaida, mwenye nyumba anatengeneza au kodi inapungua, mpangaji akikivunja, analipa yeye. Ila usiseme tu, andikeni, pamoja na siku ambazo mwenye nyumba anapewa kushughulikia. Orodhesheni kila chombo na hali yake, hata mkwaruzo, mpige picha kwa simu, na kila mmoja abaki nazo. Mwenyekiti wa mtaa au kitongoji akishuhudia ni vizuri. Mkishindwana, mgogoro wa mpangaji na mwenye nyumba unaweza kufika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na huko picha yenye tarehe itakusaidia kuliko kiapo.

Siku ya kwenda kuangalia chumba, nenda umeme ukiwapo na uwe na chaja ya simu mkononi. Ichomeke kwenye kila soketi, moja baada ya nyingine, kabla hujatoa hata shilingi.