Neno "Siasa" na Kura Tatu za Mwanza

Katika Kiswahili cha zamani neno siasa, lenye asili ya Kiarabu, lilikuwa pia na maana ya upole na uangalifu. Kusema kwa siasa ni kusema taratibu. Kwa maana hiyo "siasa kali" ingekuwa sawa na maji makavu. Maana zote mbili zilikutana Mwanza. TANU ilipigwa marufuku Usukumani tangu 1954 hadi 1958, na wafuasi wake, wengi wao wakulima wa pamba, hawakukosa sababu ya ukali. Walakini Januari 1958 mkutano wa Tabora ulikubali kura tatu, yaani kila mpiga kura amchague Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Kwani kuususia uchaguzi kungeviacha viti kwa UTP, chama kilichopendelewa na serikali ya kikoloni. Zuberi Mtemvu akajitenga. Paul Bomani, kiongozi wa ushirika wa pamba, alibaki chamani, na wakulima wengi pamoja naye.