Upakaji rangi wa vifuniko vya plastiki vya injini

Upakaji rangi wa vifuniko vya plastiki vya injini ni kazi ya kusafisha, kupiga msasa na kupulizia rangi vipande vya plastiki vilivyo chini ya boneti ya gari. Vipande hivyo ni kama kifuniko cha juu ya injini, kasha la kichujio cha hewa, kifuniko cha betri na vile vinavyoziba mapengo karibu na rejeta. Kazi hii hurudisha sura ya kipande kilichochujuka au kuchubuka. Haiongezi nguvu ya injini wala haipunguzi ulaji wa mafuta.

Rangi ikibanduka baada ya miezi miwili, lawama huenda kwa kopo la rangi. Mara nyingi kosa lilitokea mapema zaidi, kabla kopo halijafunguliwa: plastiki haikutambuliwa ni ya aina gani, au haikusafishwa vya kutosha. Makala hii inaeleza sababu zake, na mifano ya mazingira imechukuliwa Kitangari, kata ya Wilaya ya Newala katika Mkoa wa Mtwara, kwenye Uwanda wa Juu wa Makonde.

Kazi ya vifuniko

Vifuniko vikubwa vya plastiki juu ya injini vilienea katika magari madogo kuanzia miaka ya 1990. Kabla ya hapo aliyefungua boneti aliiona injini yenyewe pamoja na nyaya zake. Kifuniko hupunguza kelele, huzuia sehemu ya vumbi, na huficha vitu ambavyo mwenye gari hahitaji kuvigusa. Chini yake mara nyingi hubandikwa sponji ya kunyonya sauti. Sponji hiyo hunyonya oili pia, na ikilowa oili juu ya injini ya moto inaweza kushika moto. Kwa hiyo mtu anayevua kifuniko ili akipake rangi aitazame sponji kwanza.

Aina za plastiki

Kifuniko kikigeuzwa, upande wa ndani huwa na herufi zilizofungwa kati ya alama mbili za mshale, kwa mfano >PP<, >ABS< au >PA6-GF30<. Herufi hizo ndizo mwongozo wa kazi yote.

PP ni polipropilini. Giulio Natta wa Italia aliitengeneza katika hali ya fuwele mwaka 1954, na mwaka 1963 akapata Tuzo ya Nobel ya kemia pamoja na Karl Ziegler wa Ujerumani. Viti vingi vya plastiki vinavyokodishwa kwenye sherehe ni vya jamii hiyo hiyo. Aliyewahi kuandika jina lake kwa rangi mgongoni mwa kiti kama hicho anajua kwamba maandishi hayadumu: ukucha tu unayabandua. PA6 ni poliamidi, ndugu wa nailoni ambayo Wallace Carothers aliivumbua Marekani mwaka 1935. Nyongeza ya GF30 maana yake ni kwamba asilimia 30 ya uzito wake ni nyuzi za kioo. Hiyo huvumilia joto vizuri, na rangi huishika. ABS huipokea rangi kwa urahisi zaidi, lakini huanza kulainika kwenye nyuzi joto 100 hivi za Selsiasi, kwa hiyo haiwekwi karibu sana na injini.

Ugumu wa polipropilini unatokana na molekuli zake, ambazo ni minyororo ya kaboni na hidrojeni peke yake. Hazina sehemu zenye chaji ambazo rangi ingeweza kushikamana nazo. Mwanafunzi anaweza kujionea mwenyewe kwa tone la maji: juu ya polipropilini tone hujikusanya likawa duara, na juu ya kioo safi hutandaa. Rangi nayo ni kimiminika, na penye maji yasiyotandaa rangi haitandai vizuri. Viwandani tatizo hili hutatuliwa kwa kupitisha mwali wa moto haraka juu ya plastiki, ili oksijeni ijishike usoni mwake. Gereji za kawaida hazipaswi kuiga njia hiyo. Kwao ipo praima maalumu ya plastiki, ambayo hupakwa nyembamba sana kabla ya rangi.

Joto na kutanuka

Polipropilini isiyochanganywa na kitu hutanuka kwa joto karibu mara kumi kuliko chuma. Tuchukue kifuniko chenye urefu wa sentimita 60, kilichopoa kwenye nyuzi 25 asubuhi na kufika nyuzi 85 gari likipanda mlima. Kikitanuka kwa sehemu 0.0001 ya urefu wake kwa kila nyuzi, kitaongezeka milimita 600 × 0.0001 × 60, yaani milimita 3.6. Kipande cha chuma cha urefu huo kingeongezeka chini ya nusu milimita. Hayo hutokea kila siku, kwenda na kurudi. Rangi nene na ngumu haiwezi kufuata mwendo huo, basi hupasuka. Ndiyo sababu matabaka mawili au matatu membamba hudumu kuliko moja zito.

Hapa kuna kosa linaloeleweka lakini ni kosa: kununua rangi ya mabomba ya moshi, ile inayovumilia nyuzi 600. Rangi nyingi za namna hiyo hazikomai mpaka zichomwe kwenye nyuzi 200 hivi, na polipropilini huyeyuka kwenye nyuzi 160 na kidogo. Juu ya plastiki rangi hiyo hubaki laini na hutoka kwa kitambaa chenye petroli. Rangi ya kawaida ya magari, juu ya praima ya plastiki, inatosha.

Maandalizi

Maandalizi huchukua muda mwingi kuliko kupulizia, na ndivyo inavyopaswa kuwa.

Kifuniko hutolewa kwenye gari injini ikiwa imepoa. Klipu na vishikio vya mpira hukauka kwa miaka na huvunjika vikivutwa kwa nguvu, kwa hiyo huvuliwa taratibu. Kisha kifuniko huoshwa kwa maji na sabuni ya vyombo pamoja na brashi. Kwenye uwanda wa Makonde maji si ya kumwaga ovyo. Uwanda hauna mito, na sehemu ya maji yake husukumwa kwa pampu kutoka bonde la Mitema, karibu na Kitangari. Ndoo moja inatosha ikigawanywa: nusu ya kuondoa udongo na nusu ya kusuuza.

Mafuta hayatoki kwa maji. Wapo waosha magari wanaofuta sehemu ya injini kwa dizeli au kuipulizia silikoni ili ing'ae. Gari hupendeza kwa siku chache, lakini anayekuja kupaka rangi baadaye hurithi shida: rangi hukimbia penye silikoni na kuacha vishimo vya duara. Dawa ni kufuta kwa spiriti kwa kitambaa safi, kugeuza kitambaa, kisha kufuta tena. Kufuta kwa silikoni hufanywa kabla ya msasa, kwa sababu msasa ukitangulia huisukuma silikoni ndani ya mikwaruzo.

Msasa wa namba 320 au 400 huondoa mng'ao, na wa 600 hulainisha. Wachonga vinyago vya mpingo hufuata utaratibu huo huo wa kutoka msasa mkali kwenda laini, ila wao hutafuta mng'ao na mpaka rangi huukimbia. Uso ulio tayari hauna sehemu hata moja inayong'aa. Baada ya hapo vumbi hufutwa, spiriti hupitishwa mara ya mwisho, na mkono mtupu haugusi tena.

Wakati wa kazi nao una uzito. Wakati wa mvua, na asubuhi zenye ukungu uwandani, unyevu huingia kwenye rangi inayokauka na kuifanya iwe na weupe. Miezi mikavu ni bora, lakini Juni hadi Agosti ndio wakati mikorosho inapopulizwa salfa ya unga dhidi ya ugonjwa wa ubwiriunga. Unga huo husafiri na upepo na kutua juu ya kila kitu, sambamba na vumbi la barabarani. Kupulizia rangi uwanjani siku ambayo jirani anapulizia salfa shambani ni kuharibu rangi. Saa za adhuhuri zisizo na upepo, ndani ya chumba chenye madirisha wazi na sakafu iliyonyunyiziwa maji, ndizo nafuu.

Kupulizia

Kopo hutikiswa kwa dakika mbili na kushikwa sentimita 20 hadi 30 kutoka kwenye kifuniko. Mkono huanza kwenda kabla rangi haijatoka na huendelea baada ya kuikatisha, ili rangi isirundikane pembeni. Tabaka la kwanza ni la ukungu tu na halifuniki kila kitu. Kati ya tabaka na tabaka husubiriwa dakika 10 hadi 15, au kama kopo linavyoagiza. Rangi hukauka kwa kuguswa ndani ya saa moja, lakini kifuniko kirudishwe juu ya injini baada ya siku mbili au zaidi.

Rangi zenye kigumushi cha kuchanganya zina isosianati, kemikali inayoweza kumletea fundi pumu ya kudumu. Kitambaa kilichofungwa puani huzuia chembe kubwa tu, mvuke hupita. Rangi hizo zinahitaji barakoa yenye hewa safi inayoletwa kwa bomba, na pasipo nayo ni afadhali kutumia kopo la kawaida. Kijana anayejifunza kazi asiwekwe humo kwa sababu tu ndiye mdogo.

Visivyopakwa rangi

Chupa ya mafuta ya breki na ya maji ya rejeta ziliachwa zikipenya mwanga ili kiasi kilichomo kionekane. Zikipakwa, dereva hajui breki zinapungukiwa mafuta. Lebo za onyo, kifuniko cha oili chenye maandishi kama 5W-30, mpini wa kijiti cha kupimia oili, mikanda, mipira, vihisi na sehemu nyaya zinapofungwa kwenye bodi huachwa kama zilivyo. Katika magari yenye injini na mota ya umeme, nyaya za rangi ya machungwa hubeba umeme wa volti nyingi, na rangi hiyo ni onyo lenyewe.

Rangi mpya na mnunuzi

Minada ya korosho huanza mwezi Oktoba, na kwa mkulima wa Newala au Masasi fedha hiyo ni ya mwaka mzima. Anayeitumia kununua gari lililokwishatumika akifungua boneti na kukuta weusi mpya unaong'aa, asiufurahie upesi. Rangi ni halali, ila inaweza kufunika ufa uliogundishwa au alama ya oili iliyovuja. Avue kifuniko, atazame upande wa ndani na sponji yake, kisha apitishe kidole kwenye kiungo cha injini kilicho chini yake. Rangi iliyopulizwa bila kuvua kifuniko huacha ukungu wake kwenye mipira na nyaya za jirani, na hilo huonekana kwa tochi ya simu.