Sinia, Masizi na Wati Elfu Moja

Karibu kila mwanafunzi wa sekondari anaweza kuzitaja njia tatu ambazo joto husafiri: mpitisho, msafara na mnunurisho. Muulize kitu kimoja zaidi: jua la saa sita mchana linamwaga nishati kiasi gani juu ya meza yako? Atanyamaza, na si kosa lake, kwani hakuna aliyempa kitu cha kupima. Jibu lenyewe linapatikana kwa vyombo vya jikoni na kipimajoto kimoja, ndani ya kipindi kimoja.

Chukua sinia la bati lenye kitako bapa, upana wa sentimita 36. Eneo lake ni karibu moja ya kumi ya mita ya mraba. Lipake masizi ndani mpaka liwe jeusi tii, liweke juu ya gunia lililokunjwa ili joto lisipotelee ardhini, mimina lita moja ya maji, kisha funika kwa nailoni angavu kuzuia upepo na mvuke. Balbu ya kipimajoto ikingwe kwa kivuli, la sivyo utapima joto la kipimajoto chenyewe badala ya maji. Koroga, soma, subiri dakika 5, koroga tena, soma.

Hesabu yake ni fupi. Jua likiwa utosini na mbingu ikiwa safi, kila mita ya mraba hupokea takribani wati 1,000. Sinia letu basi hupokea wati 100, yaani jouli 100 kila sekunde, na kwa dakika 5 ni jouli 30,000. Kilo moja ya maji huhitaji jouli 4,200 kupanda nyuzi 1 ya Selsiasi. Kwa hiyo maji yangepanda nyuzi 7 na kidogo.

Hayatafika hapo. Nailoni hurudisha sehemu ya mwanga, bati hunywa joto lake, na maji yakishakuwa moto kuliko hewa huanza kuipa hewa joto. Pengo hilo kati ya hesabu na kipimo ndilo somo lenyewe. Darasa litafute kila jouli iliyopotea ilikokwenda. Njia mojawapo ya kupunguza upotevu ni kuanza na maji ya mtungini, yaliyo baridi kuliko hewa, ili dakika za mwanzo yapokee joto kutoka hewani na za mwisho yarudishe kiasi kama hicho.

Wanasayansi wakubwa walifanya hivyohivyo. Mwaka 1838 Mfaransa Claude Pouillet alitangaza kipimo cha nguvu ya jua kabla miale yake haijapita kwenye angahewa. Chombo chake kilikuwa kikopo cha maji chenye uso uliopakwa masizi, na kipimajoto ndani. Alikielekeza kwenye jua dakika 5, na kabla na baada ya hapo akakiweka mbali na jua kwa muda uleule ili ajue kinavyopoteza joto. Alipata wati 1,228 kwa mita ya mraba. Satelaiti za leo zinasema 1,361. Kikopo cha maji kilikosea kwa asilimia 10 tu.

Jaribio la pili linahitaji makopo matatu yenye vifuniko: moja jeusi, moja jeupe, na la tatu liachwe na mng'aro wa bati lake. Juani, jeusi huzidi jeupe kwa mbali. Hilo kila mtu analitarajia. Sasa yajaze maji ya moto na uyaweke kivulini. Wengi watabashiri kwamba jeusi litapoa upesi kuliko jeupe. Haliwi hivyo. Jeusi na jeupe hupoa karibu sawa, na linalochelewa ni lile linalong'aa. Kitu chenye nyuzi 80 hutoa miale ya infraredi, ambayo jicho halioni, na kwa miale hiyo rangi nyeupe ni nyeusi kama ile nyeusi. Weupe wake ni kwa mwanga wa jua tu. Vitabu vinavyosema kwa mkato kwamba "cheusi hutoa joto zaidi" vinawanyima wanafunzi jambo zuri kuliko yote katika mada hii.

Boksi lenye kifuniko cha kioo, linalotumiwa kuonyesha jinsi angahewa inavyonasa joto, nalo litumiwe kwa uangalifu. Mwaka 1909 Mmarekani Robert Wood alilinganisha maboksi mawili, moja lenye kioo na jingine lenye bamba la chumvi ya mawe, ambalo hupitisha infraredi inayozuiwa na kioo. Yalipata moto karibu sawa. Kinachofanya kazi kubwa humo ni hewa iliyofungiwa isipande na kutoroka. Angahewa ya dunia haina kifuniko. Hewa ya ukaa na mvuke hunasa infraredi na kuirusha upya, nyingine ikirudi chini. Anayetumia boksi kama mfano wa dunia awaambie wanafunzi tofauti hiyo.

Walimu wa fizikia, naomba jambo moja: kabla sinia halijatolewa nje, kila mwanafunzi aandike nyuzi anazotarajia, na asiifute namba hiyo baadaye. Wakumbusheni pia wasilitazame jua moja kwa moja, hata kwa nukta moja.