Kibao chako kimepigwa dawa? Kinuse kwanza!

Kibao cha leo si kile cha shavuni. Ni cha jikoni, cha kukatia nyanya na nyama.

Desemba moja, ule msimu wa Wachagga kurudi nyumbani "kuhesabiwa", nilikuwa Rau kwa mama mkwe. Shemeji alikuwa amechonga kibao kwa mabaki ya mbao za paa. Kizuri kweli! Nikakatia kachumbari ya wageni. Jirani mmoja, mzee seremala, akakigeuza, akaona kijani kwa mbali.

"Dada, hii imepigwa dawa ya mchwa. Hiyo kachumbari mwaga."

Aibu niliyopata usiniulize. Lakini Meku alikuwa sahihi: baadhi ya dawa hizo zina kromiamu, shaba na aseniki. Hiyo si mboga, ni sumu.

Basi tukahamia karakanani kwake. Akasema msindano achana nao, ni laini na una utomvu. Mkulo una harufu ya kafuri, utakula nyama inayonuka kabati. Mgrivea umejaa vihambani na unafaa kwa kazi nyepesi. Mvule ndio wenyewe: mgumu, mchwa hauuwezi, hauhitaji dawa. Ila usiende kuukata msitu wa Rau, ile ni hifadhi! Omba vipande kwa mafundi samani. Na ukiupiga msasa ziba pua, vumbi lake linawasha.

Chagua kipande kikavu, kisicho na ufa, unene kama inchi moja na nusu. Anza na msasa namba 80, kisha 120, malizia 220. Hapa wengi wanakosea: kilowanishe kidogo, nyuzi zisimame, kikauke, halafu kipige msasa tena. Usipofanya hivyo, kitakwaruza siku ya kwanza kukiosha.

Vanishi hapana, itabanduka iingie kwenye chakula. Mafuta ya kupikia nayo huchacha yakanuka. Nenda duka la dawa uombe likwidi parafini, ile ya kulainisha choo (siyo mafuta ya taa, jamani!). Paka, acha usiku kucha, futa, rudia. Ukipata nta ya nyuki, yeyusha kidogo humo kwa moto wa mbali.

Tengeneza viwili, cha nyama na cha kachumbari. Osha kwa maji moto na sabuni, kisimamishe kikauke. Kukiloweka kwenye beseni ni kukipasua.

Kile cha shemeji hatukukichoma, maana moshi wake nao ni sumu. Sasa kinazuia geti lisijifunge.