Je, Wajua? Kitenzi cha Kiitaliano Mbele ya Mtu wa Mtinko

Je, wajua kwamba mwenyeji wa Mtinko, mkoani Singida, akianza kujifunza Kiitaliano haanzii sifuri? Nyumbani ana Kinyaturu, shuleni ana Kiswahili, na majirani zake, kuanzia Manyara mpaka Dodoma, ni mchanganyiko ambao wanaisimu husafiri kutoka mbali kuja kuusikiliza: Wairaqw wenye lugha ya Kikushi, Wabarabaig wenye lugha ya Kinailoti, Wasandawe na Wahadzabe wenye lugha za vidoko. Aliyezaliwa kwenye njia panda kama hii hana sababu ya kutishwa na jedwali la vitenzi.

Na jedwali lenyewe linatisha kweli. Kitenzi "parlare", yaani kusema, ni cha kawaida kabisa, hakina ukorofi wowote, lakini sarufi za Kiitaliano hukipitisha katika hali 7 na njeo 21. Ukihesabu nafsi 6 kwa kila njeo inayobeba nafsi, ukakumbuka kuwa amri haina "mimi", kisha ukaongeza maumbo yasiyo na nafsi, unapata vyumba 95.

Je, wajua kwamba vyumba vingi kati ya hivyo vina mpangaji mmoja? "Parli" peke yake ni "unasema", na pia ni "niseme", "useme" na "aseme". "Parliamo" ni "tunasema", na ni "tuseme" pia. Karibu nusu ya jedwali ni kitenzi kisaidizi kikiwa kimemshika mkono "parlato": ho parlato, nimesema; avevo parlato, nilikuwa nimesema. Ukishaijua "avere" katika njeo zake, nusu hiyo unaipata karibu bure.

Je, wajua kwamba sisi ndio wenye vyumba vingi? Mwitaliano ana nafsi 6 basi. Kiswahili kina hizo 6, halafu kinafungua mlango wa ngeli: kimefika, vimefika, limefika, yamefika, umefika, imefika, zimefika, pamefika. Zizidishe kwa na, li, ta, me, ka, ki, nge na ngali, kisha kanusha zote. Hakuna mtoto wa Mtinko aliyewahi kupewa jedwali hilo alikariri, kwa hiyo haoni kama ni kubwa.

Tofauti iliyo wazi ni mahali mzigo unapokaa. Mwitaliano hubandika nafsi na njeo mkiani: parlo, parlavo, parlerò. Sisi huzitanguliza: ninasema, nilisema, nitasema. Lakini chimbua njeo ijayo uone. Kiambishi chetu -ta-, kwa maelezo yanayokubalika sana, ni mabaki ya kitenzi "taka": nataka kusema, na baada ya karne nyingi za ulimi kukimbia, nitasema. Kadhalika -me- ina undugu na mzizi wa kale ulio ndani ya "maliza". Kilatini cha mitaani, kilichozaa Kiitaliano, nacho kilianza na maneno mawili, kitendo kwanza, kisha "habeo", yaani "ninacho": kana kwamba mtu anasema "kusema ninako". Maneno hayo yakagandana. Ushahidi bado unaonekana kwa macho, maana "nina, una, ana, wana" kwa Kiitaliano ni ho, hai, ha, hanno, na njeo ijayo ni parlerò, parlerai, parlerà, parleranno. Kila mkia ni kitenzi kizima kilichochakaa.

Sasa sikia hili. Lugha nyingi za Kibantu hutanguliza kitenzi kisaidizi na kufuatisha kitenzi kikuu, kama sisi katika "nilikuwa nasema". Kirangi cha Kondoa, jirani ya Singida upande wa mashariki, kinakwenda kinyume: kwa mambo yajayo Warangi hutaja kitendo kwanza, halafu ndipo hufuata kisaidizi kilichobeba nafsi. Ni mpangilio ule ule wa Kilatini cha mitaani, ila huku bado maneno ni mawili. Geuza sentensi iwe ya kukanusha, au uulize "nani" na "nini", kisaidizi kinarudi mbele kama kwa Wabantu wengine. Mwanaisimu Hannah Gibson aliandika tasnifu nzima juu ya jambo hili katika Chuo Kikuu cha London, SOAS, mwaka 2012. Kwangu mimi, hakuna jambo la sarufi lenye utamu zaidi katika ukanda wote wa kati.

Je, wajua Mwitaliano anamheshimu vipi mgeni au mkubwa wake? Anaacha amri, anachukua hali tegemezi. Kwa rafiki husema "parla!" Kwa mama asiyemfahamu husema "parli, signora". Hapo mtu wa Mtinko yuko nyumbani: hamwambii mzee "kaa!", humwambia "karibu mzee, ukae". Lugha mbili zisizo na ukoo wowote zimeificha adabu katika kona moja ya kitenzi.

Hiyo hali tegemezi yenyewe huundwa kwa kubadili irabu ya mwisho. Sisi: sema, aseme. Wao wana mchezo wa kubadilishana: kitenzi cha kundi la -are huchukua i (parla, parli), na cha kundi la -ere au -ire huchukua a (prende, prenda, dorme, dorma). Vitenzi tulivyopokea kutoka Kiarabu haviingii katika mchezo huu. Safiri inabaki asafiri, jibu inabaki ajibu, na hakuna anayelalamika.

Masharti ndiyo yanayoumiza. Kiswahili kina haki: "Ningesema polepole, wangenielewa." Kiambishi -nge- kipo pande zote mbili, kama mizigo miwili ya punda. Mwitaliano hugawa kazi. Upande wa "kama" huchukua hali tegemezi ya wakati uliopita, na upande wa matokeo ndio huchukua hali ya masharti: "Se parlassi piano, mi capirebbero." Mswahili anayetafsiri kichwani atasema "se parlerei", na mwalimu atashika kichwa. Asione aibu, kwani watoto wa Kiitaliano hulikosea hilo hilo, na walimu wao hulipigia kelele kama wetu wanavyopigia kelele anayechanganya -nge- na -ngali- katika sentensi moja. Kwa nafasi iliyokwisha kupita, sisi tuna "ningalisema, wangalinielewa". Wao huleta visaidizi: "se avessi parlato, mi avrebbero capito". Ukiifikisha sentensi hiyo mwisho bila kujikwaa, umeshajua Kiitaliano.

Je, wajua kwamba mkazo peke yake unaweza kubadili nafsi na wakati? "Parlo", mkazo ukiwa mwanzoni, ni "ninasema". "Parlò", mkazo ukiwa mwishoni, ni "alisema". Katika Kiswahili sanifu mkazo hukaa silabi ya pili kutoka mwisho, wala haulipwi kwa kazi hiyo. Lakini nenda Barawa, pwani ya Somalia, wanakosema Chimwiini, ndugu wa Kiswahili. Huko "jile", mkazo ukiwa silabi ya mwisho, ni "ulikula", na mkazo ukirudi nyuma ni "alikula". Herufi ni zile zile, na sauti ndiyo inayomtaja mlaji. Wanaisimu Charles Kisseberth na Mohammad Imam Abasheikh, huyu wa pili akiwa mwana wa lugha hiyo mwenyewe, waliieleza kanuni hii kwa kina. Na ajabu nyingine ni kwamba Barawa na Italia zina historia: Zanzibar iliikodishia Italia bandari za Benadir mwaka 1892, Barawa ikiwa mojawapo, na mwaka 1905 ikaziuza moja kwa moja. Kwa hiyo kulikuwa na mji wa watu wenye "jile" mbili wakitawaliwa na watu wenye "parlo" na "parlò".

Kinyaturu nacho ni lugha ya toni. Kiswahili kiliitupa, Singida imeitunza.

Je, wajua kwamba Kiitaliano kina wakati uliopita ambao nusu ya nchi haiusemi? "Parlai", nilisema, husikika Toscana na kusini. Kaskazini, mitaani, watu husema "ho parlato" hata kwa mambo ya babu, na "parlai" huachiwa vitabu. Katika hadithi ndiyo inayofanya kazi ya -ka- yetu: akaja, akaona, akaondoka. Anayetaka kuona nyakati zilizopita zikigawanywa kwa makini zaidi aende Bukoba. Kihaya kina umbo la leo, la jana, na la zamani.

Je, wajua kwamba Kinyaturu kimeandikiwa tasnifu ya uzamivu? Ni ya mwaka 1964, ya Howard Olson, mmisionari Mlutheri kutoka Marekani, kuhusu sauti na maumbo ya maneno ya Kirimi, ambacho ndicho Kinyaturu. Baadaye alifundisha Makumira, karibu na Arusha, na akatunga "Jifunze Kiyunani", kitabu kinachofundisha Kigiriki cha Agano Jipya kwa Kiswahili. Vitenzi vya Kigiriki vinavifanya vya Kiitaliano vionekane vya chekechea. Upande wa pili, Elena Bertoncini alitoa mwaka 1987 "Kiswahili kwa Furaha", kozi ya Waitaliano, katika chuo cha Napoli kiitwacho L'Orientale. Kwa hiyo wapo Waitaliano wanaohangaika na -ngali- wakati sisi tunahangaika na "parlassi".

Wengine hawakuwa na muda wa kuhangaika. Eritrea na Ethiopia kulizuka Kiitaliano cha sokoni ambamo kitenzi jina kilibeba karibu kila kitu na "parlato" ikabeba yaliyopita. Nafsi zilitajwa kwa viwakilishi tu, na watu walielewana vizuri. Malindi pia wapo vijana wa ufukweni wanaozungumza Kiitaliano walichookota kwa watalii, bila jedwali hata moja.

Na je, wajua kwamba kati ya makundi matatu ya vitenzi vya Kiitaliano, la -are ndilo linalopokea karibu wageni wote? Kompyuta ilipoingia wakaunda "cliccare", na inatembea katika vyumba vyote 95 kama "parlare": clicco, cliccavo, cliccherò. Hiyo h ya "cliccherò" imewekwa kwa ajili ya maandishi tu, ili c isisomeke kama ch ya Kiswahili. Sisi kwa kazi hiyo tulichukua "bofya", na mtu wa Mtinko anasema nimebofya, ungebofya, usibofye, bila kumuuliza mtu.